Harrier linakunywa maji, shemeji anasema tulizibe tuliuze

SWALI

Kaka, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Buhongwa na biashara yangu ya dagaa iko mwaloni Kirumba. Mume wangu ni mwalimu Ukerewe. Anavuka kuja kwetu mwisho wa mwezi, kwa hiyo mambo yote ya gari nabeba mwenyewe.

Mwaka jana tulinunua Harrier, ile ya tako la nyani, 240G ya mwaka 2005, kwa shilingi milioni 16 na nusu. Tulinunua kwa mtu binafsi, si yadi. Tulilipenda kwa sababu lina nafasi: watoto wanakaa nyuma, mama yangu mbele, na siku ya mzigo nikikunja siti magunia ya dagaa yanaingia. Miezi mitatu ya mwanzo nilimshukuru Mungu kila nilipolipiga stati.

Kisha siku moja nikawa nampeleka mama kliniki Bugando. Tunapanda kile kilima, na mshale wa temperecha nao unapanda. Nikasimama pembeni, boneti linafuka mvuke, mama anasali kwa sauti. Fundi akaja akasema rejeta imeziba. Tukaweka nyingine, 350,000. Baada ya wiki mbili maji yakaanza kupungua tena. Akasema wotapampu, 130,000. Tukabadilisha, maji yakaendelea kupungua. Akafungua akatoa themostati, akanionyesha, akasema hiki kidude ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Akakitupa. Feni akaiunganisha dairekti, sasa inazunguka muda wote gari likiwaka. Feni na waya zikala 90,000.

Katikati ya hayo kulikuwa na shokapu mbili za mbele, 320,000, linki na bushi 140,000, koili moja na plagi nne 210,000. Ufundi wa yote hayo ni 380,000. Nimeandika kila kitu kwenye daftari la dagaa, ukurasa wa nyuma. Jumla ni 1,620,000.

Hali ya sasa ni hii. Kila baada ya siku mbili naongeza maji ya bomba, chupa ya lita moja na nusu. Nikipaki, chini hakuna hata tone. Moshi mweupe hakuna. Oili haijawa kama maziwa, nimeangalia. Ila nikizima gari baada ya safari nasikia harufu tamu tamu, na juzi usiku nilimulika kwa tochi ya simu nyuma ya injini nikaona mstari wa unyevu, na pembeni yake ukoko mweupe kama chumvi iliyokauka. Oili nimeongeza lita moja tangu sevisi ya mwisho, miezi mitatu iliyopita.

Mwezi uliopita tulikuwa tunampeleka binti yangu shule Sengerema. Zamani foleni ya kivuko ingetupumzisha pale Kigongo, siku hizi unavuka darajani moja kwa moja. Tukiwa tunavuka mshale ulikuwa katikati kabisa. Tulipofika Busisi ukaruka juu ghafla. Tulikaa pembeni zaidi ya saa nzima. Binti amevaa sare, amekalia sanduku lake la bati, akaniuliza, "Mama, tutafika?" Sikuwa na jibu.

Sasa fundi wangu anasema ni gasketi ya hedi, nimpe 900,000. Fundi mwingine wa Nyakato anasema gasketi ni kupoteza hela, niweke injini ya Japani, 3,800,000 pamoja na kufunga. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anasema kuna dawa ya kumimina kwenye rejeta, inaziba, gari linatulia wiki kadhaa. Ana mteja wa Geita wa milioni 14. Anasema, "Shemeji, uza, kila mtu anafanya hivyo."

Mume wangu anajua nimetumia laki nane tu. Nyingine nimekopa kikoba na rejesho ni kila Jumamosi. Ninalala nikiwaza gari, naamka nikiwaza gari. Nifuate la nani?

Mama wa Watatu, Buhongwa


JIBU

Dada yangu, pole sana. Nitakujibu yote, la shemeji na la mume pia, lakini kwanza gari hilo lipaki leo. Usilipandishe Bugando, usilipeleke hata mwaloni. Ulichokiona Busisi kinanitisha kuliko mvuke wa siku ile ya kwanza.

Mshale wa temperecha kwenye Toyota nyingi za umri huo umetengenezwa utulie katikati hata joto la injini linapopanda na kushuka, dereva asihangaike bure. Ukiuona umeanza kuondoka katikati, joto limeshafika mbali. Lipo na baya zaidi: kihisio kinachousukuma mshale kinatakiwa kiwe kimezama ndani ya maji. Maji yakishuka chini yake, kinabaki kupima hewa na mvuke, na mshale unaweza kutulia vizuri kabisa huku hedi, kile kichwa cha injini, inaungua. Ndiyo maana mlivuka daraja lote mkiwa salama machoni. Naamini pale darajani maji yalikuwa yameshapungua sana.

Halafu kuna jambo la huku kwetu ambalo watu hawalifikirii. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Maji ya sufuria hapa Mwanza yanachemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, hayafiki 100. Gari linaokolewa na mfuniko wa rejeta: unabana mgandamizo ndani ya mfumo, na maji yaliyobanwa yanaweza kuvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Mfumo ukipata upenyo, hata mdogo kama tundu la sindano, mgandamizo unatoka na unabaki na sufuria iliyo wazi. Kwa hiyo mtu anayekwambia "linavuja kidogo tu, uwe unaongeza maji" hajui anachokusababishia. Kuongeza maji kunarudisha ujazo, hakurudishi mgandamizo.

Kuhusu themostati, fundi wako alikukosea. Si kifaa cha nchi za baridi. Kinafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo, iwe Mwanza iwe Moscow. Ukikitoa, injini inatembea baridi barabarani, kompyuta inadhani ndiyo kwanza asubuhi, inamwaga mafuta mengi. Kama umeona petroli inakwisha haraka tangu siku ile, sababu mojawapo ni hiyo. Feni ya dairekti nayo inaificha dalili na kuimaliza mota. Vyote viwili virudishwe kama vilivyokuwa, lakini ngoja kwanza tujue ugonjwa.

Gari lako lina injini ya 2AZ-FE, sisi tunaita 2AZ, ya cc 2,362. Ni injini nzuri, ina cheni badala ya mkanda, sipea zake zimejaa mjini. Ila ina udhaifu mmoja unaojulikana dunia nzima kwa wanaozifungua. Bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ni ya aluminiamu. Hedi inakaa juu yake ikishikwa na bolti 10 za chuma, na bolti hizo zinajishikiza kwenye meno yaliyochongwa ndani ya aluminiamu yenyewe. Miaka inavyokwenda, injini ikipata moto na kupoa, ikipata moto na kupoa, na hasa ikichemka mara moja mbili, meno hayo yanalegea na kung'oka. Huwa yanaanza yale ya nyuma, upande unaotazama ukuta wa kabini. Bolti inabaki imesimama shimoni lakini haishiki kitu. Hedi inanyanyuka kiasi cha unywele, na maji yanapata njia ya kutoka, si kuingia ndani ya silinda bali kutoka nje, kwa nyuma, pasipoonekana.

Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Chini hakuna tone, kwa sababu maji yanadondokea chuma cha moto na kukauka kabla hayajafika ardhini. Hakuna moshi mweupe na oili haijawa maziwa, kwa sababu hayaingii ndani. Harufu tamu ni mabaki ya kulanti, yale maji ya dawa ya kupoozea injini, inayoungua. Ule ukoko mweupe ni madini ya maji ya bomba uliyokuwa unamimina. Ulichokiona kwa tochi ya simu usiku, mafundi wako hawakukitafuta mchana. Nakupongeza kwa hilo kutoka moyoni.

Hata hivyo sitaki ufungue hedi kwa maneno yangu. Nyuma kule kule kuna mipira ya hita na kiungo cha maji, na vikipasuka vinalowesha mahali hapo hapo. Mpira wa hita ni kazi ya elfu arobaini au hamsini, umeisha. Kwa hiyo lipia vipimo kwanza. Cha kwanza ni pampu ya mkono inayofungwa pale kwenye mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi: fundi anajaza upepo hadi kiasi kinachoandikwa kwenye mfuniko, anaacha dakika 20, anaangalia kama mshale wa pampu unashuka, huku anamulika nyuma kwa kioo kidogo cha mkono. Maji yatajionyesha yanapotokea. Cha pili ni kichupa cha dawa ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta injini ikiunguruma. Hewa chafu ya silinda ikiwa inaingia kwenye maji, buluu inageuka njano. Vyote viwili havizidi saa moja. Kwa 50,000 unapata fundi mwenye vifaa, na asiyekuwa navyo usimpe gari hili. Ungekutana na vipimo hivi siku ile ya kwanza, huenda ile 350,000 ya rejeta na 130,000 ya wotapampu zingekuwa bado kwenye mtaji wako wa dagaa.

Ikithibitika ni hedi, hapa naomba usome polepole.

Miaka mingi iliyopita nililetewa 2AZ inayovuja nyuma vilevile. Mwenye gari alikuwa mwalimu wa Misungwi. Nikafungua, nikaweka gasketi mpya, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, nikafunga, nikampa gari linang'aa. Wakati wa kukaza, bolti mbili za nyuma zilikuwa zinazunguka kwa ulaini nisiouelewa. Nikaziacha. Baada ya wiki sita akarudi, maji yaleyale, mahali palepale. Nilipozing'oa zile bolti mbili, kila moja ilitoka imevaa uzi wa aluminiamu uliojisokota kwenye meno yake kama waya wa kuoshea sufuria. Ule uzi ndio yalikuwa meno ya bloku. Gasketi yangu haikuwa na kosa lolote, haikuwa na kitu cha kuikandamiza tu. Nilimrudishia hela ya ufundi na nikamtengenezea upya, lakini wiki sita za nauli na za wasiwasi sikuweza kumrudishia. Tangu hapo sifungi hedi ya 2AZ bila kupima meno ya mashimo yote 10.

Kwa hiyo ile 900,000 ya fundi wako, swali si kama ni kubwa au ndogo. Muulize ndani yake kuna nini. Kama ni gasketi, kuchonga hedi na ufundi, basi utarudi kwake kabla ya Krismasi. Kazi kamili ni hii: hedi inapelekwa mashine kupimwa kama imepinda na kama ina ufa, kisha inasawazishwa. Bloku inachimbwa yale mashimo ya bolti kwa drili inayosimama wima kabisa, na kuingizwa vipete vya chuma vyenye meno nje na ndani, ili bolti ishike chuma badala ya aluminiamu iliyochoka. Mimi nashauri mashimo yote 10, si matatu ya nyuma tu, maana aliyebaki leo ndiye mgonjwa wa mwakani. Bolti ziwe mpya. Zile za zamani zimeshavutika, na ukazaji wake ni wa kipimo cha toki, yaani nguvu ya kukaza inayosomwa kwenye spana maalumu, kisha robo mzunguko, si wa nguvu za bega.

Kwa bei ninazozijua hapa mjini, weka seti nzima ya gasketi 220,000, bolti mpya 150,000, mashine ya hedi 120,000, vipete na mchonga vyuma 350,000, ufundi wa kushusha na kupandisha 400,000. Kulanti, oili na filta, themostati na mfuniko mpya vitakula robo milioni. Ukijumlisha na vipimo ni kama 1,540,000. Ongeza laki mbili za dharura, maana kuna mpira utakaopasuka ukiguswa, gari lina zaidi ya miaka 20. Bei zinapanda na kushuka, na ukinunua sipea mwenyewe ukiwa na namba ya chesisi mkononi unapunguza.

Na injini ya Japani? Fundi wa Nyakato hajakosea kabisa. Kuna hali ambayo ningekwambia umfuate, na kinachoamua ni oili. 2AZ nyingi zinakula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, hadi Toyota yenyewe kule Marekani iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari ya 2007 hadi 2009 yenye injini hii. Kipimo walichotumia ni kama lita moja kwa kila kilomita 2,000. Ikizidi hapo, injini ilihesabiwa kuwa mgonjwa. Injini inayokula oili hivyo, kuitengenezea hedi ni kumshonea koti mtu anayezama. Tupige hesabu yako: Buhongwa hadi Kirumba kwenda na kurudi tuseme kilomita 30, siku 26 kwa mwezi ni 780, miezi mitatu 2,340, ongeza Sengerema na vizunguko vya hapa na pale, unafika 2,500. Umeongeza lita moja. Uko chini ya ule mstari. Si injini mpya, lakini ringi zake bado zinafanya kazi. Ndiyo maana nasema tengeneza hii uliyonayo.

Lakini hedi ikifunguliwa ikakutwa imepasuka, au silinda zimekwaruzwa, geuza uamuzi hapo hapo. Usiongeze hata mia. Na ukinunua injini ya Japani, kumbuka nayo ni 2AZ, ina meno yale yale. Tafuta ya miaka ya mwisho ya uzalishaji, maana baadaye meno ya bloku yalirefushwa. Fundi atoe kifuniko cha juu uone kama ndani ni kahawia safi au kuna tope jeusi, apime kompresheni ya silinda zote nne, na amulike nyuma kama kuna ukoko kama uliouona wewe. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, ukibadilisha injini kadi irekebishwe TRA, la sivyo siku ya kuuza utasumbuka. Dai waranti ya maandishi, walau mwezi mmoja.

Shokapu, linki na bushi ulizobadilisha zilikuwa halali yake. Barabara za mitaani kwetu ni mawe, na Harrier ni zito. Nyuma nako kunakuja, jiandae. Koili vilevile, zilizobaki tatu ni za umri mmoja, usishangae. Giaboksi yake ya gia nne ni mvumilivu mradi apewe oili ya giaboksi ya Toyota inayoitwa T-IV na si chochote kilichopo dukani. Hayo hayakutishi.

Sasa shemeji.

Ile dawa ya kumimina naijua. Ni unga na nyuzinyuzi zinazotafuta upenyo na kugandia. Haichagui upenyo. Inaganda kwenye mirija myembamba ya rejeta uliyonunua juzi kwa 350,000, inaganda kwenye hita, na meno yaliyong'oka haiyarudishi. Baada ya wiki kadhaa joto litapanda tena, na mchonga vyuma atakutoza zaidi kwa kusafisha uchafu. Hiyo ni upande wa gari. Upande wa mtu, huyo mteja wa Geita atalipa milioni 14, labda naye kazitoa kikoba, atavuka daraja lile lile, na nyuma atakuwa na watoto. Wewe unajua inavyokuwa mtoto anapokuuliza kama mtafika. Unaweza kabisa kuliuza gari ukitaka, ni haki yako, lakini mwambie mnunuzi hedi inavuja na umpunguzie bei ya matengenezo. Mwambie shemeji hivyo kwa upole, tena mbele ya kaka yake, maana nina hakika anawapenda na anaona unavyohangaika. Naye ameuona mlango wa haraka tu.

Na hiyo "mbele ya kaka yake" nimeiweka makusudi. Dada, mume wako lazima aone lile daftari. Hujala hela, hujanunua vitenge. Kila shilingi iko kwenye gari analolipanda akija. Kinachokunyima usingizi naona si 1,620,000, ni zile laki nane na kitu unazozibeba peke yako. Mwisho wa mwezi akishapumzika na kula, mpe ukurasa wa nyuma asome mwenyewe, kisha mpe na hesabu hii ya 1,540,000 muamue pamoja. Usikope kikoba mara ya pili kabla ya mazungumzo hayo. Gari likiwa limepaki halikuli kitu. Linaweza kusubiri mwezi, hata miwili, mkusanye polepole. Ila maji yaliyomo usiyaache yakae na kutu kama matengenezo yatachelewa sana, mwambie fundi ayamwage.

Ukishampata fundi, mwandikishiane kwenye karatasi kabla hajagusa spana: meno ya mashimo yote 10 yatapimwa, mashimo yote yatawekwa vipete, bolti mpya, themostati inarudi, feni inarudi kwenye mfumo wake, kulanti inachanganywa na maji safi nusu kwa nusu wala si maji ya bomba matupu. Mlipe kwa awamu, na awamu ya mwisho itoke baada ya gari kupanda Bugando na Isamilo mara tatu, kupoa usiku kucha, na asubuhi maji yakutwe yako palepale. Siku hedi inavuliwa uwepo. Omba zile bolti za zamani, zipange chini kwenye kitambaa cheupe kwa mpangilio zilivyotoka, piga picha, unitumie. Ukiona zile za nyuma zimevaa uzi wa aluminiamu, basi tulikuwa sahihi. Ukiona ni safi zote, msimamishe fundi, uniandikie kabla hajaendelea.

Mama yako kliniki aende kwa bajaji kwa sasa. Mlipie aende peke yake bila kubanana, na dereva amfikishe hadi getini, asimshushe chini ya kilima.